Kocha mpya wa Lady Vols: ni lazima awe binti wa Pat?

MLETA MADA
Wakuu, salaam. Jumatatu ya tarehe 1 Aprili 2024 Chuo Kikuu cha Tennessee kimemwondoa kocha Kellie Harper kwenye timu yake ya kikapu ya wanawake, Lady Vols. Kwa tarehe ile nilidhani ni utani wa sikukuu ya wajinga, mpaka nilipoona taarifa ya chuo chenyewe. Sisi tunaokaa Knoxville hatuna habari nyingine wiki hii. Kwa kinyozi, kazini, kwenye maegesho baada ya ibada, swali ni nani anachukua timu. Na wengi wanajibu kabla hujamaliza kuuliza: "Apewe binti wa Pat," yaani mchezaji wa zamani wa kocha Pat Summitt. Mimi napinga. Mnaonipinga karibuni, ila njooni na hoja.

Kwa wageni wa mambo haya: Pat Summitt alikabidhiwa timu mwaka 1974 akiwa na miaka 22. Mshahara dola 250 kwa mwezi, jezi anafua mwenyewe, gari la timu anaendesha mwenyewe. Alipostaafu 2012, chini ya mwaka mmoja baada ya kueleza hadharani kwamba ana ugonjwa wa Alzheimer, alikuwa ameshinda michezo 1,098 na mataji 8 ya taifa. Katika miaka 38 hakuna msimu hata mmoja aliofungwa mara nyingi kuliko alivyofunga. Kila msichana aliyemaliza miaka yake ya kucheza chini yake aliondoka na shahada. Akafariki Juni 2016. Sakafu ya uwanja ina jina lake, na sanamu yake imesimama ng'ambo ya barabara.

Baada yake akaja Holly Warlick, aliyemchezea, kisha akawa msaidizi wake miaka 27. Misimu 7, robo fainali ya taifa mara 3, akaondolewa 2019. Akaja Harper, mchezeshaji wa mataji yale matatu mfululizo ya 1996, 1997 na 1998. Misimu 5, ushindi 108, vipigo 52, akafika 16 bora mara 2, na sasa naye kaondoka. Nne bora tumeiona mara ya mwisho 2008, mwaka tuliochukua taji la mwisho.

Sasa sikilizeni. Mwezi uliopita tulikuwa saba sebuleni kwangu, sahani ya maandazi katikati, tunatazama nusu fainali ya SEC, ligi yetu ya vyuo vya kusini-mashariki, na South Carolina, timu ambayo haijafungwa msimu mzima. Tuliachwa kwa zaidi ya pointi 20, tukarudi, tukapita. Imebaki sekunde 1.1, sisi 73, wao 71. Mpira ukarushwa kwa Kamilla Cardoso, yule mrefu wa Brazil, ambaye tangu aanze chuo hajawahi kufunga pointi tatu hata moja. Akapiga kutoka nje ya mstari, ukagonga ubao, ukaingia. 74 kwa 73. Shemeji yangu alikuwa anapeleka andazi mdomoni, likaishia njiani. Na neno la kwanza lililosikika mle ndani lilikuwa: "Pat asingekubali ujinga huu."

Asingekubali nini, jamani? Ubao?

Hapo ndipo nilipoona tatizo letu. Tukimchukua mtu wa nyumba ile, hatumpimi kwa mchezo aliocheza. Tunampima kwa marehemu. Warlick alifika 8 bora mara tatu tukaguna. Chuo kingine angejengewa nyumba. Na cha ajabu, Pat mwenyewe hakuwa mtoto wa nyumba hii. Alicheza UT Martin, akaja Knoxville kusoma shahada ya pili, timu ikamwangukia. Alikuwa mgeni mwenye kiu. Tutafute mgeni mwenye kiu.

MZEE WA REBAUNDI
Umeanza vizuri ukaharibia mwishoni. UT Martin ni chuo cha mfumo huohuo wa Tennessee, na Pat alizaliwa Tennessee akalelewa shambani Tennessee. Ukimwita huyo mgeni basi mimi wa Kigoma nikihamia Tabora utaniomba pasipoti.

MLETA MADA
Hahaha, mzee wangu, hiyo nimeipokea. Lakini hakuichezea timu hii. Kwa vipimo vya kwa kinyozi mwaka huu, jina lake lisingeingia hata kwenye orodha.

MCHUNGULIA DIRISHA
Sisi wa Manchester United tunawasoma kimyakimya. Tangu Ferguson aondoke 2013. Tulimleta hata Solskjær wa nyumbani. Poleni sana.

DADA WA BENCHI
Kaka mleta mada, nimekusoma mpaka mwisho na ninakuheshimu, ila unapiga kivuli. Tunaposema "binti wa Pat" hatusemi damu. Tunasema kipimo. Wachezaji wa Pat walikuwa na sheria ya kukaa safu tatu za mbele darasani. Si uwanjani, darasani! Nimecheza kikapu cha chuo huko nyumbani, kocha wetu hakujua hata tunasoma kozi gani. Mtu aliyelelewa na kitu kama kile anakibeba, na mtu asiyelelewa nacho utamwandikia kwenye mkataba ataona ni urembo.

Halafu unasahau haraka. Mwaka 2014 wakubwa wa idara ya michezo walifuta jina la Lady Vols kwenye timu zote za wanawake, wakaacha kikapu peke yake. Wanawake waliochezea chuo hiki wakapiga kelele mpaka jina likarudishwa 2017. Kwa nini lilifutwa? Kwa sababu waliokaa ofisini hawakujua lile jina lina jasho la nani. Huyo ndiye mgeni wako mwenye kiu.

Na kuhusu Harper, tuwe waungwana. Tamari Key, nguzo yake chini ya kikapu, alipatikana na damu iliyoganda mapafuni, msimu wa 2022-23 ukamwishia mapema. Hata hivyo wakafika 16 bora. Mwaka huu wakatolewa raundi ya pili na NC State, 79 kwa 72, ugenini Raleigh, na hao NC State hawajasimama: Ijumaa wanacheza nusu fainali ya taifa Cleveland. Yaani kafukuzwa kwa kufungwa na timu ya nne bora.

Nenda Notre Dame. Muffet McGraw alipoondoka 2020 walimpa Niele Ivey, mchezaji wake wa zamani. Ana 16 bora tatu mfululizo na mwezi uliopita kachukua taji la ACC, ligi yao. Mtoto wa nyumbani anaweza. Tatizo la kwetu ni kwamba tulichagua vibaya ndani ya nyumba. Nyumba yenyewe haina kosa.

MZEE WA REBAUNDI
Dada umemaliza. Naunga mkono hoja. Na mniruhusu kuongeza uchungu: NC State hao ndio waliomwondoa Harper 2013, wakamweka Wes Moore. Miaka 11 baadaye mechi yake ya mwisho Tennessee anafungwa na Moore yuleyule, kwenye uwanja uleule aliofukuzwa. Mungu hapendi kuandika mambo rahisi.

MLETA MADA
Dada wa Benchi, la darasani umenigusa na sina jibu la haraka. La jina la 2014 pia uko sahihi, nilikuwa sijafika mji huu lakini naona kidonda bado kibichi. Ila hebu tazama nne bora ya Ijumaa. South Carolina yuko Dawn Staley, aliyecheza Virginia na kufundisha Temple. Connecticut yuko Geno Auriemma, aliyechukuliwa 1985 akiwa msaidizi Virginia. Iowa yuko Lisa Bluder, aliyecheza Northern Iowa. NC State yuko Moore. Wanne wote, hakuna hata mmoja aliyechezea chuo anachokifundisha.

DADA WA BENCHI
Na huyo Moore wako alipata kukaa benchi la nani miaka ya 1990 akiwa msaidizi? La Pat Summitt, Knoxville. Umeninunulia ushahidi mwenyewe, asante.

MLETA MADA
Ndiyo, alikaa. Halafu akaondoka, akaenda kufundisha Francis Marion, kisha Chattanooga misimu 15, akawa mtu wake mwenyewe. Hakuna aliyemwambia "Pat asingekubali". Hicho ndicho ninachokililia, kwa faida ya hao mabinti wenyewe. Warlick alimtumikia yule mama maisha yake yote, akaondoka kwa mlango wa nyuma. Harper ana pete tatu za hapahapa, na wiki hii watu wazima wanamtukana kana kwamba alikuja juzi. Tunawaita mabinti tukiwatafuta, tukifungwa tunawaita majina mengine. Mimi kama ningekuwa na binti aliyecheza hapa ningemwambia asiguse hii kazi kwanza. Aache apite mgeni mmoja, apigwe mawe yeye, kelele zipungue.

KARANI WA PEMBENI
Mnabishana ukoo, wenzenu wanahesabu pesa. Tangu Julai 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake, na kuhama chuo siku hizi ni kama kuhama kiti kwenye daladala. Zamani Pat akienda sebuleni kwa mzazi, akimtazama binti kwa yale macho yake, kazi imekwisha. Leo binti anatazamwa na makocha kumi kwa simu, na wakala pembeni. Danny White, mkurugenzi wa michezo, hataangalia ukoo. Soka la Marekani alimleta Josh Heupel kutoka chuo alichokuwa yeye mwenyewe kabla, na timu ikaamka. Wanaume wa kikapu wana Rick Barnes, mtu wa North Carolina aliyetoka Texas, na hakuna anayelia. Kwa nini wanawake tu ndio tunawatafutia ndugu?

DADA WA BENCHI
Kwa sababu wanaume hawana Pat. Swali lingine?

KARANI WA PEMBENI
Sina, mama.

MWANA WA DURHAM
Tuje kwenye majina. Kama mnataka binti aliyetoka nje akakomaa, yuko Kara Lawson. Alicheza kwa Pat 1999 hadi 2003, ana dhahabu ya Olimpiki ya 2008 kama mchezaji, akafundisha timu ya Marekani ya watatu kwa watatu ikachukua dhahabu Tokyo. Sasa yuko Duke, na mwezi uliopita kamtoa Ohio State aliyepangwa namba 2. Anawaridhisha nyote wawili.

MZEE WA REBAUNDI
Naam! Huyo ndiye. Funga mjadala.

MLETA MADA
Lawson ningempokea kwa mikono miwili, na hapo nakiri mada yangu inayumba kidogo. Lakini yuko Duke, timu inapanda, wachezaji wake mwenyewe. Aache hayo aje kukaa chini ya sanamu? Mngekuwa nyinyi mngekuja?

MTU WA MILIMANI
Mimi nakaa West Virginia, nawapa jina mtacheka. Kim Caldwell, yuko Marshall. Kabla ya hapo Glenville State, chuo kidogo cha daraja la pili alikochezea mwenyewe: misimu 7, ushindi 191, vipigo 24, taji la taifa la daraja hilo 2022. Nimewahi kumwona uwanjani. Anabana uwanja mzima kuanzia mpira unaporushwa hadi filimbi ya mwisho. Wachezaji anawatoa watano kwa mpigo na kuingiza watano, mfululizo, huwezi kujua nani ameanza. Timu ya pili ikiingia, wapinzani wako hoi wameshika magoti, kisha timu ya kwanza inarudi imepumzika. Wanapiga pointi tatu bila kuomba ruhusa.

MZEE WA REBAUNDI
Daraja la pili??? Marshall msimu mmoja?

MTU WA MILIMANI
Msimu mmoja, ushindi 26, vipigo 7, na taji la Sun Belt, ligi yao.

DADA WA BENCHI
Na raundi ya kwanza ya taifa kapigwa na Virginia Tech 92 kwa 49. Nilitazama. Ule ubanaji ulivunjwa kwa pasi mbili tu, wakawa wanafungwa chini ya kikapu bila mtu. Sasa mlete SEC, kila wiki akutane na warefu kama Cardoso. Mkuu wa milimani, nakupenda bure, ila hapana.

MLETA MADA
Kusema kweli hata mimi nilipotamka "mgeni mwenye kiu" sikuwa namaanisha kiu ya kiasi hiki.

KARANI WA PEMBENI
Kumbe unaogopa hoja yako mwenyewe, hahaha.

MTU WA MILIMANI
Pat alipopewa alikuwa amefundisha timu ngapi?

(Hapa kimya kilipita kirefu kidogo.)

MTU WA MILIMANI
Jumapili njema wakuu. Wametangaza. Ni Caldwell.

MWANA WA DURHAM
Acha!

MZEE WA REBAUNDI
Nimesoma mara mbili. Tangu Pat mwenyewe apewe, hii ndiyo mara ya kwanza timu inakwenda kwa mtu asiyewahi kuchezea wala kufundisha Tennessee. Nakwenda kulala, mke wangu anauliza kuna msiba gani.

MLETA MADA
Nilikuwa napita na binti yangu pale kwenye sanamu nilipoipata hiyo. Ana miaka 9. Nikamwambia kocha mpya amepatikana. Akaniuliza, "Anamjua huyu mama?" Nikasema hapana, hakufundishwa naye. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi mimi na yeye sawa," akaendelea kula bisi zake.

DADA WA BENCHI
Mtoto wako ana akili kukushinda. Mimi nitashangilia, sina timu nyingine, jezi nimeshanunua nyingi mno. Ila nakuwekea masharti mawili. Nitakuwa nahesabu wahitimu kila mwaka, na akipunguza hata mmoja nitakuandikia wewe, si yeye. La pili, Connecticut hatujawafunga tangu 2007. Siku wakija Knoxville nitakaa kiti cha jirani na chako. Akifungwa pointi thelathini kwa ule mchezo wake wa kukimbizana, maandazi ya mwaka mzima ni juu yako.

MLETA MADA
Na akishinda?

DADA WA BENCHI
Akishinda nitapika mimi. Usianze kuota lakini.