Rise Against, Revolutions per Minute (2003): hivi ni mimi tu au hapa ndo walipofika kileleni?

gitaa_la_usiku:

Wakuu habari zenu. Kuna kitu kimenikaa kichwani wiki ya tatu sasa, naomba tujadili.

Mimi Rise Against, hii bendi ya panki (roki ya haraka na ya fujo), niliwajua kwenye gemu kama wengi wetu, Need for Speed Underground 2, ule wimbo wa Give It All ukiingia nilikuwa naacha hata kuangalia barabara. Baada ya hapo nikazifuata albamu za mbele, The Sufferer & the Witness, Appeal to Reason, Endgame, zote nikazipenda nikaona basi hii bendi naijua yote. Kurudi nyuma sikuwahi kuwaza, maana nilishajiaminisha kwamba albamu za mwanzo ni za watu wanaojifunza, utasikiliza mara moja kwa heshima halafu basi.

Sasa nikaweka Revolutions per Minute huku nakunja nguo. Black Masks & Gasoline ikapita, Heaven Knows ikapita, Dead Ringer haifiki hata dakika mbili ikapita kama mtu kakupiga kikumbo mlangoni, halafu ikaja Halfway There na nikajikuta nimesimama tu katikati ya chumba shati liko mkononi, sikulikunja wala sikuliweka chini mpaka wimbo umeisha. Tangu siku hiyo sijasikiliza kitu kingine. Kila nikisema leo nibadilishe narudi palepale.

Ninachotaka kuelewa ni kwa nini hii inanishika kuliko zile zilizotoka baadaye wakiwa na lebo kubwa na hela ya studio. Ni prodyuza? Ni mpiga gitaa? Au ni ile njaa ya vijana tu? Na nikirudi nyuma zaidi kwenye The Unraveling nitakuta nini? Naombeni majibu marefu, nina muda.

besi_mbele:

Mkuu karibu sana, umeniamsha. Hii albamu naisikiliza kila mwaka na bado haijanichosha.

Nianze na historia kidogo maana inasaidia. Hawa jamaa ni wa Chicago, walianza 1999 wakijiita Transistor Revolt. Joe Principe wa besi alikuwa ametoka bendi ya 88 Fingers Louie pamoja na Dan Wleklinski wa gitaa, wakampata Tim McIlrath wa kuimba. Wakaingia Fat Wreck Chords, ile lebo ya Fat Mike wa bendi ya NOFX, wakatoa The Unraveling 2001. Halafu Wleklinski akatoka. Kwa hiyo wakati wanaandaa Revolutions per Minute bendi ilikuwa imeshapoteza mmoja wa waanzilishi, gitaa la pili likashikwa na Todd Mohney, na hii ndo albamu pekee nzima aliyopiga nao, alipoondoka akaja Chris Chasse kwenye iliyofuata. Kwa hiyo hao watu wanne unaowasikia humo, kwa mpangilio ule, hutawakuta kwenye albamu nyingine yoyote.

Ila mimi jibu langu kubwa ni studio. Waliirekodi The Blasting Room, kule Fort Collins, Colorado, chini ya Bill Stevenson na Jason Livermore. Huyo Stevenson ndiye aliyepiga dramu kwenye bendi ya Descendents, na amepiga pia kwenye bendi ya Black Flag. Hebu fikiria hapo kidogo. Descendents ndo waliofundisha panki kuimba, melodi tamu ya mapenzi na maumivu juu ya spidi ya kichaa, na Black Flag ni hadikoo yenyewe, panki ile kali zaidi, hasira na jasho. Yaani mtu aliyekaa kwenye mashine akiwarekodi alikuwa ameishi ndani ya pande zote mbili, hakuna wa kumwambia hapa punguza melodi hapa ongeza fujo, anajua mwenyewe vinakaaje pamoja. Ndo maana ukisikiliza Like the Angel unaweza kuimba kiitikio chote ukiwa unaoga, lakini koo la McIlrath unalisikia linakwaruza, hakuna aliyelisafisha. Miksing iko wazi, kila chombo unakisikia, ila haijapigwa pasi.

Albamu iliyofuata, Siren Song of the Counter Culture ya 2004, walikwenda lebo kubwa ya Geffen na prodyuza akawa Garth Richardson. Nzuri, sikatai, Give It All imo humo. Lakini angalia walichofanya 2006, kwenye The Sufferer & the Witness walirudi kwa Stevenson kulekule Colorado, na wamerudi tena na tena. Bendi haihangaiki kurudi mahali pasipo na kitu.

mwanga_na_kelele:

Naheshimu sana mlichosema wakuu ila mimi lazima niitetee The Unraveling, kila mjadala wa hii bendi inapitwa kama kituo cha basi.

Ndugu mleta mada usiogope kurudi. Sauti ni chafu zaidi, ni kweli, na nyimbo ni nyingi kiasi kwamba mara ya kwanza zinachanganyika. Ila weka Alive and Well halafu My Life Inside Your Heart, zinafuatana hapo mwanzo, utasikia kila kitu unachokipenda kwenye RPM (Revolutions per Minute) kiko tayari, ila bado kimebanana. Halafu kuna Everchanging. Huu wimbo unahusu watu wawili wanaoachana na kila mmoja anajua, na McIlrath hajifichi kabisa, anauimba kama mtu anayeongea na mtu aliye mlangoni na begi. Nilikuwa kwenye kipindi kigumu nilipousikia na sina haja ya kueleza zaidi, nasema tu nilikuwa naurudisha mwanzo kabla haujaisha kwa sababu sikutaka ufike mwisho.

Nachoona mimi ni kwamba RPM ni albamu iliyopangwa vizuri zaidi, inajua inakwenda wapi. The Unraveling haijui, na kuna watu kama mimi tunaipenda kwa hilo. Ukiitafuta chukua toleo lililotoka upya 2005, wameisafisha sauti kidogo na kuongeza nyimbo.

dada_wa_snea:

Nimesoma yote, kila mtu kaongelea sauti na gitaa, hakuna aliyemtaja Brandon Barnes wa dramu jamani.

Mimi napiga dramu, na hii albamu ndo ilinifundisha kitu kimoja ambacho nilikuwa nakikosea miaka. Kwenye hadikoo ule mdundo wa haraka, mguu (dramu kubwa ya chini) na snea (dramu ndogo yenye mlio mkali) vinapokezana dum-ka dum-ka dum-ka, ukishaujua unaona raha unataka kuupiga wimbo mzima. Nilikuwa nafanya hivyo, na wenzangu wakawa wanalalamika kwamba nyimbo zetu zote ni moja. Halafu nikakaa na hedifoni na hii albamu nikawa nahesabu tu, siimbi, nahesabu. Barnes anakimbia, halafu kiitikio kikikaribia anaukata mdundo nusu, snea inaanza kuja mara chache, nzito, wakati gitaa bado zinakimbia vilevile. Spidi ya wimbo haijabadilika hata kidogo ila mwili unahisi kama sakafu imeshuka. Hapo ndo melodi inapata pa kukaa. Akishakuachia pumzi kidogo anarudi tena mbio.

Melodi yoyote ile ukiiwekea mdundo wa haraka mwanzo mwisho inakufa, sikio halipati muda wa kuishika. Kwa hiyo tukisema hii bendi ina melodi, nusu ya hiyo melodi ni kazi ya dramu. To the Core ni kama dakika moja na nusu tu, isikilize ukiangalia snea peke yake.

Na kwa wapiga gitaa, kile kinachosikika kama gitaa linaimba juu ya kelele mara nyingi ni oktavu, unashika noti moja kwenye nyuzi mbili, ya chini na ya juu yake, uzi wa katikati unauziba kwa ncha ya kidole halafu unapiga zote kwa nguvu. Ule uzi uliozibwa unatoa mkwaruzo, na huo mkwaruzo usiuondoe, ndo utamu wenyewe.

besi_mbele:

@dada_wa_snea asante, hilo la kuukata mdundo nusu sikuwahi kulipatia maneno. Narudi kusikiliza.

kaseti_ya_bluu:

Wakuu mimi nataka kuongeza la maneno maana albamu hii huwezi kuitenganisha na tarehe yake.

Ilitoka tarehe 8 Aprili 2003. Marekani ilikuwa imeivamia Iraq mwezi uliotangulia, na Baghdad ilianguka kesho yake, tarehe 9. Sasa katikati ya albamu kuna Blood-Red, White, and Blue, ambayo kuanzia jina lake ni rangi za bendera ya Marekani zikiwa na damu, na ndani yake wanauliza kama kweli Mungu anaweza kubariki vita na mauaji ya wasio na hatia. Huo wimbo uliandikwa na kurekodiwa kabla vita havijaanza! Walioununua siku ya kwanza walikuwa wanarudi nyumbani wanawasha televisheni wanaona vifaru. Mwaka uliofuata wakaingia kwenye Rock Against Bush, ile kompilesheni ya Fat Mike, na Give It All ilikuwamo humo kabla hata Siren Song haijatoka.

Ila angalia kitu kimoja. Wimbo huo uko kwenye albamu moja na nyimbo za mtu anayehangaika na kazi, na upendo, na kuchoka. Last Chance Blueprint ina kipande cha mazungumzo kutoka filamu ya American Beauty, yule mtu anayeidharau kazi yake na mabosi wake. Hawakugawanya, kwamba hizi ni za siasa na hizi ni za moyo. Hasira ni ileile, inaanzia ofisini inafika mpaka vitani. Albamu zao za mbele mara nyingine najikuta najua mapema huu wimbo unanihubiria nini, hapa sijui mpaka uishe.

Na baada ya Amber Changing msizime. Kuna Any Way You Want It, wimbo wa 1980 wa Journey, bendi ya roki ya melodi tamu, wameupiga kwa spidi yao. Bendi ya hadikoo imemaliza albamu ya mapinduzi kwa kupiga Journey, tena kwa mapenzi yote. Kwangu hiyo inajibu swali la mleta mada kuliko kitu chochote, hawa watu hawakuwa wanaionea aibu melodi.

gitaa_la_usiku:

Dah, wakuu sikutegemea majibu haya. Nimerudi kusikiliza kama mlivyosema, siku tatu.

@dada_wa_snea nimefanya ulivyosema, snea peke yake, na nikarudia Halfway There ile iliyonisimamisha na shati. Nikagundua mahali paliponisimamisha ni palepale mdundo unapobadilika, halafu sauti inabaki juu peke yake. Sikuwa nasikia dramu kabisa siku ile, nilidhani ni maneno.

@kaseti_ya_bluu ile tarehe imenikaa vibaya, nimeusikiliza tena Blood-Red kwa sauti ndogo usiku na ni wimbo mwingine kabisa kwangu sasa.

@mwanga_na_kelele The Unraveling nimeshaipata. Bado najichanganya nyimbo ipi ni ipi ila Everchanging nimeielewa mara ya kwanza tu. Nilifika karibu na mwisho nikairudisha.

Swali moja tu limebaki, lile toleo la RPM10 la 2013 lenye demo (rekodi za majaribio), kuna mtu amelikaa nalo vizuri? Nataka kusikia Like the Angel kabla hawajafika kwa Stevenson, nijue kiitikio kile walikuja nacho tayari au walikikuta kulekule.

besi_mbele:

Ninalo mkuu. Sikuambii, anza na demo ya Heaven Knows halafu ndo uende Like the Angel, uje uandike hapa umesikia nini.