Nimemwinua mama wa watu kitini kanisani. Nianzie wapi?

Mlinda Mlango (mwanzisha uzi)
Wapendwa, niko Malindi, nahudumu mlangoni kanisani kwetu mwaka wa tatu sasa. Kuna jambo linanikera roho na hapa karibu sina wa kumwambia, maana wote tunajuana.

Kanisa letu ni la mabati na feni ziko mbili, zote mbele. Safu mbili za mbele zina viti vya mito na vikaratasi vya "wageni". Joto la Februari mnalijua: nyuma kule mtu anajipepea kwa bahasha ya sadaka mpaka mahubiri yaishe. Jumapili moja mama anayeuza viazi karai mtaani kwetu alikuja mapema, mguu umemvimba, akakaa safu ya pili. Ibada iko katikati, akaingia mfanyabiashara mmoja na familia yake. Mzee wa kanisa akanitazama, akainua nyusi tu. Nikaelewa. Nikamwinamia yule mama: "Mama, tusogee nyuma kidogo." Hakuuliza kitu. Akaokota leso, akaokota kikapu chake cha ukili, akaanza kutafuta kandambili moja iliyokuwa imeingia chini ya kiti. Kwaya imenyamaza, watu wanatazama. Ile kandambili ndiyo hainitoki kichwani.

Hajaja Jumapili tatu. Nimwendee mzee, nimwendee mchungaji, au niache huduma?

Kadzo wa Muyeye
Mzee yumo, mchungaji yumo, huduma yako imo. Mama mwenyewe mbona hayumo? Nenda kwake kwanza. Na usiende na unga wala sukari, atadhani umetumwa.

Msema Kweli
Jamani, hayo mabati alinunua nani? Harusini kuna meza kuu na hakuna anayelia. Anayelibeba kanisa apewe heshima yake.

Shemasi Mstaafu
Msema Kweli, mwanangu, harusi ina mwenyewe, na yeye ndiye hupanga meza. Soma Yakobo sura ya 2. Anaingia mwenye pete ya dhahabu, anaingia na maskini mwenye mavazi mabovu; mmoja anapewa mahali pazuri, mwingine anaambiwa asimame kule au akae chini. Yakobo haiiti hiyo utovu wa adabu, anaiita dhambi.

Na wewe Mlinda Mlango, usiache huduma. Fungua Matendo sura ya 6. Wajane wa wale waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa kwenye mgao wa kila siku, watu wakanung'unika. Mitume hawakuitisha semina ya umoja. Walitaka wachaguliwe watu saba, na majina ya hao saba, kuanzia Stefano hadi Nikolao wa Antiokia, yote ni ya Kiyunani. Mimi nasoma hivi: upande uliolalamika ndio uliokabidhiwa upawa. Sasa kwenye kamati yenu ya wahudumu, yupo hata mmoja anayeuza barabarani? Nilikuwa shemasi miaka mingi na swali hilo sikuwahi kuliuliza hadi nilipostaafu, kwa hiyo sikunyoshei kidole.

Jirani wa Shella
Mimi Muislamu, nimepita tu. Kwetu safu ya mbele ni ya aliyewahi. Tajiri akichelewa atasali karibu na viatu. Ila tusijisifu sana, kwenye maulidi sinia la wakubwa hulijua kwa nyama.

Msema Kweli
Sawa. Lakini mfadhili akihama na mabati yakianza kuvuja, msinitafute.

Mlinda Mlango
Nimerudi. Jana jioni nilienda, mikono mitupu kama alivyosema Kadzo. Nilimkuta mbele ya karai. Akanipimia viazi vya hamsini, akaweka ukwaju, akapokea hamsini yake bila kunipunguzia. Nikaomba msamaha nimesimama, wateja wawili wanasikia, nikaona ndiyo haki, maana na yeye aliinuliwa mbele za watu.

Akaniambia, "Mwanangu, mimi sikutaka kiti, nilitaka feni."

Kisha akaniuliza mimi hukaa wapi. Nikamwambia sikai, husimama mlangoni. "Basi niwekee kiti hapo hapo kwako, kuna upepo."

Sijui nimesamehewa au nimepewa adhabu. Jumapili kiti kitakuwepo, na vikaratasi nitavibandua mwenyewe kabla ya ibada. Mzee bado sijamwona.