Mjadala: Matokeo ya mwanafunzi wa chuo ni ya nani?

Wadau, salaam. Kila matokeo ya muhula yakitoka, vyuo vyetu vingi hapa Tanzania bado hubandika karatasi kwenye ubao wa idara, au CR, yaani mwakilishi wa darasa, anapewa PDF airushe kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Kuna namba ya usajili, alama za kila somo, GPA (wastani wa alama), na mwisho wa mstari unaona nani kapita, nani ana sapu (mtihani wa marudio), nani kadisko, yaani kaondolewa chuo. Jina halipo, kwa hiyo tunaambiwa siri imetunzwa.

Siri gani? Karatasi ya mahudhurio inazunguka darasani kila kipindi, jina na namba mstari mmoja. Kazi za makundi zinaandikwa hivyo hivyo. Tukifika wiki ya sita tunajuana kwa namba. Nina mwenzangu aliyejua kuwa amedisko kupitia meseji za pole, kabla hajafungua akaunti yake ya matokeo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inahesabu historia ya elimu ya mtu kuwa taarifa binafsi. Inataja pia namba yoyote ya utambulisho aliyopewa mtu. Yaani namba ya usajili yenyewe inalindwa, haiwezi kuwa kinga ya kuanika alama zilizo mbele yake. Msimamo wangu: ubao na PDF vikome, na matokeo aoneshwe mwenyewe. Karibuni.

Mzazi, Morogoro: Mwanangu, kwenye ubao niko nawe. Ila usiniweke mzazi kapu moja na wapita njia. Jirani yangu alituma ada na kodi ya chumba mihula mitatu, kumbe kijana aliondolewa mwaka wa kwanza. Alipopiga simu chuoni akajibiwa kuwa taarifa za mwanafunzi hazitolewi. Mzee wa watu aliuza ng'ombe. Hiyo siri ilimlinda nani?

Mhadhiri: Mimi napinga kuondoa ubao. Alama zikiwa wazi, darasa linaona. Mwalimu akimpendelea mtu, au akimkomoa binti aliyemkatalia, wenzake wanaouona uwezo wake darasani ndio wa kwanza kushtuka. Rushwa ya ngono inapenda giza. Mkifunga kila kitu kwenye akaunti ya mtu mmoja mmoja, mwonevu atapumua.

Mleta mada: Shikamoo mzazi. Habari ya jirani yako imeniuma, na sitaki kuipita juu juu. Wamarekani wana sheria ya kumbukumbu za elimu tangu mwaka 1974, wanaiita FERPA. Mtoto akifika miaka 18, au akiingia chuo hata kabla ya hapo, haki zote juu ya kumbukumbu zake zinahama kutoka kwa mzazi kwenda kwake. Hata hivyo, chuo kinaruhusiwa kumwonesha mzazi ambaye kwenye hesabu za kodi ya mapato mtoto huyo bado ni tegemezi wake. Na kama mwanafunzi hajakataa kwa maandishi, chuo kinaweza kumjibu anayeuliza kama huyu bado ni mwanafunzi wao. Jirani yako alihitaji jibu hilo tu, yupo au hayupo. Kwa hilo nasema mlipa ada ajibiwe. Lakini kwamba nimepata D ya takwimu, au nimeahirisha muhula kwa ugonjwa nisiotaka ujulikane nyumbani, hayo nitayasema mwenyewe. Nina umri wa kupiga kura na wa kusaini mkataba wa mkopo wa elimu ya juu. Deni lile litanifuata mimi.

Mwalimu, hoja yako ni nzito kuliko zote humu. Ila ubao ulikuwepo miaka yote na uonevu huo ukaendelea mbele yake. Anayeonewa hasaidiki kwa darasa zima kusoma alama zake, anasaidika kwa kuiona karatasi yake iliyosahihishwa. Hapo ndipo vyuo vinapobana: majibu yangu mwenyewe nikiyataka naambiwa niandike barua, nilipie rufaa, nisubiri, wakati ile Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inanipa haki ya kupata taarifa zangu na kudai zirekebishwe zikiwa na kosa. Idara ibandike mgawanyo tu, A ngapi, B ngapi, waliofeli wangapi. Somo likiwa na kasoro litaonekana bila kumwanika mtu.

Pendekezo langu: siku ya usajili mwaka wa kwanza kuwe na fomu moja ya mwanafunzi kujaza nani aoneshwe matokeo yake, awe baba, mlezi au asiwepo mtu, na aweze kuibadilisha muda wowote. Mzazi, je, mwanao akiandika "hakuna", utaendelea kulipa ada? Hilo naomba wazazi wengine pia walijibu.