Clytemnestra alikuwa mke mbaya tu, au alichokozwa?

Mleta mada:
Wakuu habari za muda huu. Kuna huyu malkia wa kwenye hekaya za Wagiriki wa kale, Clytemnestra, dada yake Helen, kila ninapomsoma anatajwa kama mke katili aliyemuua mumewe Agamemnon bafuni siku aliyorudi toka vita vya Troy. Sasa nimefika pale kwa binti yao Iphigenia nimekwama kabisa, mbona lawama zote anabeba mama? Anayeijua stori anisaidie.

Mchangiaji 1:
Mkuu hapo kwa Iphigenia ndo penyewe. Meli za Wagiriki za kwenda Troy zimekwama bandarini Aulis, mtabiri Calchas kasema mungu wa kike Artemis anataka binti wa mfalme achinjwe, basi baba mtu akatuma barua nyumbani mleteni mtoto anaolewa na shujaa Achilles. Mama akafunga safari na mwari wake na zawadi za harusi juu, kufika kambini akamkuta Achilles akamchangamkia kama mkwe wake, kijana wa watu anashangaa tu, hana habari ya ndoa yoyote! Hapo ndo mama akajua. Mimi hiyo sehemu huwa inaniuma kuliko mauaji yenyewe.

Mchangiaji 2:
Na kwa Euripides, mwandishi wa tamthilia wa Kigiriki, kuna kingine watu wanakiruka, Agamemnon hakuwa mume wa kwanza wa Clytemnestra. Alimuua wa kwanza, Tantalus, akampokonya na kichanga kifuani akakiua, ndo akamuoa. Yaani watoto wawili, mkono uleule.

Mchangiaji 3:
Nawaelewa ila msimsafishe sana jamani. Cassandra alimkosea nini? Mateka wa Troy, kaletwa kwa nguvu na Agamemnon, naye akauawa siku hiyohiyo. Na hawara yake Aegisthus alishaingizwa ndani mume akiwa bado vitani.

Mchangiaji 1:
Cassandra sina utetezi, hapo alikosea. Ila angalia hukumu ilivyokwenda kwenye tamthilia za Aeschylus za mwaka 458 KK. Orestes, mtoto wao wa kiume, kamuua mama yake kulipiza kisasi cha baba, kesi ikasikilizwa Athens, mungu Apollo akasimama kumtetea akasema mama si mzazi, anatunza tu mbegu ya baba, kura zikalingana na mungu wa kike Athena akamwachia. Mama aliyebeba mimba anaambiwa si mzazi! Na damu ya Iphigenia hakuna aliyesimamishwa kizimbani.

Mleta mada:
Duh, asanteni sana wakuu. Hiyo ya kichanga sikuijua kabisa, leo usiku naanza na Euripides.