Wakuu naomba msaada: kompyuta ya nyumbani ya kupigia simu kwa intaneti, nimekwama

Kaka wa Rangi Tatu
Habari za usiku wakuu. Naombeni ushauri kwa wenye uzoefu, matusi wekeni pembeni. Nina dada yangu yuko Muscat mwaka wa tatu sasa, kazi za ndani, na mnajua kule simu za WhatsApp hazipiti, meseji zinaingia vizuri ila ukibonyeza kupiga inazunguka weee mpaka inakata yenyewe. Laini ya kawaida nayo vocha inaisha hujamaliza hata salamu. Bi mkubwa anatumia kiswaswadu, mambo ya smatifoni hayajui kabisa. Sasa nimechukua desktop used Kariakoo, Dell Core i3 ram 4, laki mbili na themanini, hedseti nikaongezewa. Nyumbani Mbagala kuna faiba. Swali langu, niweke programu gani simu zipite kwa intaneti kwa bei ya chini sauti isikatike, je kompyuta ikiwaka usiku na mchana itahimili, na kwenye rauta nifungue poti namba ngapi? Nina haraka kidogo wakuu, ikiwezekana leo leo.

Kijiwe Nongwa
Ngoja waje wataalamu, mimi nimekaa paleee na karanga zangu.

Mzee wa Kafe
Umenikumbusha mbali kijana. 2002 nilikuwa nakaa kaunta ya intaneti kafe pale Posta, nje tumeweka kibao PIGA ULAYA NA MAREKANI, ndani tunatumia Net2Phone, programu ya kupiga simu kwa intaneti, hedseti sponji ishatoka zamani limebaki plastiki tupu, mtu akimaliza kuongea sikio limewiva. Intaneti yenyewe ya dishi juu ya paa, satelaiti ipo kilomita elfu 36 huko angani, kwa hiyo unaongea, unasubiri, mwenzio naye kachoka kusubiri kaanza kuongea, mnagongana katikati. Kuna mama mmoja kila Jumamosi anampigia mwanae Houston, sauti ikichelewa kurudi anaanza kulia anajua mtoto kanuna. Ikabidi niwafundishe wateja waseme "ova" kama polisi. Mama wa watu akazoea, siku moja kamaliza kuongea na mwanae kanigeukia ananiambia "shilingi ngapi baba, ova". Mpaka mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika 2009 ndo tukapumua, ila na kafe nazo zikafa. Kuhusu swali lako, weka Skype tu.

Bint Seeb
Mzee shikamoo, Skype walishaifunga Mei 2025.

Mzee wa Kafe
Marahaba. Sikuambiwa.

Bint Seeb
Kaka mleta mada mimi niko hukuhuku Oman, Seeb, kwa hiyo nakuelewa. Sisi tunachofanya ni voisi. Mama yangu Tanga naye hana smatifoni, jioni anakwenda kwa jirani, anasikiliza voisi zangu zote kwa mpigo halafu ananijibu moja ndefu ya dakika sita, nusu yake anagombana na kuku. Mimi naisikiliza usiku nikishamaliza vyombo. Laini ya kawaida tunapigiana Ijumaa tu, nayo kwa kupima. Ungemchukulia bi mkubwa simu janja ndogo, hiyo laki mbili na themanini ingetosha ukabaki na ya sukari. Kompyuta ya nini?

Ustaadh wa Zamu
Tatizo la vijana wa siku hizi mpaka mama apigiwe simu na mtoto inataka mtambo. Sisi tulikuwa tunaandika barua na inafika. Dada wa watu katoka kwenda kutafuta, nyie mliobaki mngejibana mkampigia hata kwa vocha, baraka za mama hazina bando.

Fundi wa Nyaya
Mkuu nikujibu kitaalamu ila nijibu kwanza mambo mawili. Simu ngapi zitaongea kwa wakati mmoja? Na kwa nini iwake usiku na mchana? Maana kompyuta ya kuongea na dada unaiwasha mkitaka kuongea, mkimaliza unazima, LUKU inapumzika.

Kaka wa Rangi Tatu
Asante fundi, angalau wewe umeelewa. Kwa kuanzia kama simu nane hivi kwa pamoja. Usiku ni kwa sababu ya masaa tu.

Kijiwe Nongwa
Nane? Kwani bi mkubwa ana midomo mingapi?

Fundi wa Nyaya
Masaa gani? Muscat wako mbele yetu saa moja tu.

Haya tupige hesabu. Simu moja kwa kodeki ya G.711, yaani namna ya kugeuza sauti ipite kwenye intaneti, inakula kama kilobiti 87 kwa sekunde kwenda na hivyohivyo kurudi, nane haifiki hata megabiti moja. Ukitumia G.729 ni kama 31 tu, sauti inakuwa nyembamba kidogo. Faiba yoyote ya nyumbani inabeba hiyo na watoto wanaangalia katuni. Kwa hiyo spidi sio shida yako. Shida yangu mimi ni simu saba zilizobaki. Ya bi mkubwa na dada ni moja. Saba za nani?

Kaka wa Rangi Tatu
Mkuu hayo yanahusiana nini na programu ya kuweka?

Fundi wa Nyaya
Yanahusiana sana. Hapo kwenye kompyuta umechomeka nini?

Kaka wa Rangi Tatu
Ok ngoja nifunguke maana naona nitazungushwa. Kuna jamaa dada alinikutanisha naye hukohuko Muscat, Mtanzania mwenzetu, anawauzia watu dakika za kupiga Bongo. Amenitumia kiboksi kina sehemu nane za laini na antena nane. Simu inatoka kule kwa intaneti, inafika kwangu, kompyuta inaipokea inaisukuma kwenye boksi, boksi linampigia mtu kwa laini ya hapa kama simu ya kawaida ya mtaani. Ananipa shilingi 40 kila dakika, bando ananitumia hela ninunue mwenyewe. Na dada anapiga nyumbani bure, ndo maana nikasema ni ya dada, sijadanganya. Boksi nimeshalipia nusu, laki tano, bado sijaliwasha, nilikuwa nataka niweke mambo sawa kwanza.

Kijiwe Nongwa
Karanga zimeisha naombeni popikoni.

Fundi wa Nyaya
Nilijua. Mkuu hilo linaitwa simboksi. Simu ya kutoka nje inatakiwa ipite lango la kimataifa la kampuni ya simu, ilipiwe, na serikali inahesabu, mtambo wa TTMS upo tangu 2013 kwa kazi hiyo. Wewe unaipitisha uani inaonekana imetoka Mbagala. Kufanya biashara hiyo bila leseni ni kosa kwa sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta, EPOCA, ya 2010, na watu wameshasimama mahakamani hapahapa Dar kwa kesi za namna hiyo. Na usidhani hawaoni. Laini haihami mnara hata mita moja, inapiga tu haipigiwi, haina meseji, kila simu namba mpya, binadamu gani anaishi hivyo? Tena wana ujanja wa kujipigia wenyewe kutoka nje, wakiona imeingia na namba ya hapa, hiyo namba ishakwisha.

Msema Kweli
Kumbe ni nyie! Mjomba yuko London, alimpigia mama kumwambia ametuma hela ya matibabu ya bibi, ikatokea namba ya hapahapa halafu sauti kama mtu yuko ndani ya pipa. Mama kusikia "dada nimetuma hela" na namba haijui akajua ni wale wa tuma kwenye namba hii, akamtukana mjomba matusi mpaka ya utotoni akakata. Mjomba kapiga tena, imekuja namba nyingine! Akatukanwa upya. Mpaka leo hawaongei vizuri, mjomba anasema dada yake alikuwa na ya moyoni siku nyingi.

Bint Seeb
Msema Kweli nimecheka mpaka bosi kaniuliza.

Kaka wa Rangi Tatu
Sawa lakini tusiwe wanafiki. Bando nanunua kwa hela halali, dakika nimelipia, nikimpigia mtu nampigia, kampuni inapungukiwa nini? Kuna watu wanasumbua na meseji za mikopo usiku kucha hakuna anayewagusa. Halafu bi mkubwa mwenyewe ana baraka zote, alinifowadia voisi ya dada juzi anashukuru kwamba sasa wanaongea. Nilichouliza mimi ni programu.

Jicho la Tatu
Haya wakuu simamisheni uzi. Posti ya kwanza bi mkubwa anatumia kiswaswadu, "smatifoni hayajui kabisa". Hapa bi mkubwa kafowadi voisi. Kiswaswadu gani kinafowadi? Na "sasa wanaongea" wanaongeaje kama boksi hujaliwasha? HII NI CHAI. Tena chai ya rangi, haina hata tangawizi.

Kijiwe Nongwa
Nilikuwa naisubiri hii.

Msema Kweli
Mimi nahisi ndo muuzaji wa hayo maboksi. Anajifanya kukwama, kataja mpaka malipo ya dakika, kesho mtu ananyatia inboksi "mkuu naomba konekshen".

Mzee wa Kafe
Au askari anatega. 2004 walikuja kafe wawili wamevaa kiraia, wanaulizia bei ya kupiga Dubai, mmoja kasahau buti miguuni.

Kaka wa Rangi Tatu
Jamani alifowadi kwa simu ya jirani, mtoto wa jirani alimbonyezea. Kwani Bint Seeb si kasema mama yake anafanya hivyohivyo mbona yeye hamjamwita chai?

Bint Seeb
Usinitumbukize kwenye sufuria yako.

Jicho la Tatu
Weka picha. Na sio ya kuokota mtandaoni, weka ndala juu ya hilo boksi ndo upige.

Kaka wa Rangi Tatu
*[picha]* Haya ndala hiyo, ya bluu. Mmeridhika?

Kijiwe Nongwa
Ndala imeliwa kisigino, huyu ni mwenzetu kabisa.

Jicho la Tatu
Nafuta kauli. Chai imekuwa uji.

Fundi wa Nyaya
Nimevuta picha kwa karibu. Umesema hujaliwasha. Naona taa mbili za kijani, sita nyekundu. Kijani laini ina mtandao, nyekundu imekataliwa. Mkuu hilo boksi lilikuwa kazini na laini sita zimeshafungiwa. Kuna nini ambacho hutaki kusema? Haraka ya "leo leo" ilikuwa ya nini?

*(Hapa alikaa kimya kama saa nzima, uzi ukahamia kwenye bei za ndala.)*

Kaka wa Rangi Tatu
Niliwasha Jumapili. Ile laki tano jamaa alikuwa anaidai iliyobaki nikasema nianze niilipe hukohuko. Laini mbili ni za kwangu. Zile sita nimesajili kwa NIDA ya bi mkubwa. Alikuja wakala tunayemjua anakaa na mwavuli pale stendi, akamwambia mama weka dole gumba, akaweka, mashine haijasoma mama weka tena, mara sita. Bi mkubwa akawa anafuta kidole kwenye kanga anaomba samahani, anasema ni mafuta ya maandazi.

Leo mchana sita zote zimekata na namba yake ya siku zote nayo imekata, ile aliyonayo tangu enzi za baba. Kampuni gani sitaji. Kwenye ile namba kuna hela ya kikoba milioni moja na laki nne, yeye ndo mweka hazina, Jumamosi wanagawana. Anajua simu imeharibika, nimemwambia naipeleka kwa fundi. Nilidhani kuna mpangilio kwenye programu unaweza kufanya laini zionekane zinatembea ili wazifungue, ndo nilichokuja kuuliza, nikashindwa kuandika.

Bint Seeb
Mara sita. Anaomba samahani.

Ustaadh wa Zamu
Leo sina la kusema.

Fundi wa Nyaya
Hakuna mpangilio, na hata ungekuwepo nisingekupa. Sikiliza. Sasa hivi chomoa boksi ukutani, toa laini zote nane usitupe hata moja. Ningekwambia mpige *106# muone NIDA yake ina laini ngapi ila kama imefungiwa nenda naye duka kubwa la kampuni yenyewe, sio kwa wakala, abebe kitambulisho chake. Zile sita mseme wazi kwamba hazitaki, zifutwe kwenye jina lake. Namba yake yeye aombe ifunguliwe, na hela ya kikoba aiulizie hapohapo, yeye ndo mwenye jina, wewe huwezi kumuulizia. Wakikuuliza boksi liko wapi usianze mambo ya dada Muscat. Na ukipata mwanasheria wa kukusindikiza usiache.

Na kwa sababu hakuna aliyejibu swali lako tangu jioni: kumpigia dada kihalali fungua akaunti ya SIP, yaani ya kupiga simu kwa intaneti, kwenye kampuni inayojulikana, weka programu ya Linphone kwenye hiyo Dell, tumia waya wa mtandao usitegemee wifi, upande wa dada inaingia kama simu ya kawaida hahitaji hata bando. Ila angalia bei ya dakika ya Oman kwanza, si rahisi kama Marekani. Na poti usifungue yoyote kwenye rauta, 5060 ambayo ndo ya SIP ukiiacha wazi roboti za dunia nzima zinaigonga usiku kucha zikibahatisha nywila, zikiipata zinapiga wewe unalipa.

Jicho la Tatu
Na mama aambiwe KABLA ya kufika dukani mkuu. Asije akayasikia kaunta.

Kaka wa Rangi Tatu
Amelala. Jamaa wa Muscat ananipigia kupitia laini zilizobaki, sijapokea.

Mzee wa Kafe
Kikoba cha kina mama hakina mahakama ya rufaa kijana. Nenda mapema.

Kaka wa Rangi Tatu
Saa kumi na moja alfajiri. Nimechomoa, laini ziko kwenye bahasha. Lile boksi lina feni linavuma tangu Jumapili, bi mkubwa nilimwambia ni friji dogo la biashara. Sasa hivi kaamka kuchoma maandazi, kasimama mlangoni kwangu na mwiko anauliza mbona friji lako limenyamaza.