Sauti ya ziada ya moyo kwa mtoto: nani avushwe ziwa?

Tabibu wa kisiwani
Wakubwa, shikamooni. Ninafanya kazi katika zahanati huko Ukerewe. Juzi nilimpokea mtoto wa kiume wa miaka 6 mwenye homa, akakutwa na malaria, na nilipomsikiliza kifua nikapata sauti laini ya ziada baada ya pigo la kwanza, upande wa kushoto, chini ya kidari. Akiwa mzima hucheza na wenzake bila kuchoka. Jirani ameshamwambia mama yake kwamba "moyo una tundu", naye anataka barua ya rufaa. Nauli ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, si ndogo kwa familia ya mvuvi, lakini nikimzuia nikakosea, hasara itakuwa kubwa zaidi. Niamue vipi?

Daktari wa watoto, Mwanza
Marahaba, tabibu. Usihukumu sauti uliyoisikia katikati ya homa. Homa na upungufu wa damu huifanya damu ipite moyoni kwa kasi, na huku kwetu ziwani malaria, minyoo na selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu) huwapunguzia watoto damu kila siku. Mtibu, mpime hemoglobini (kiwango cha damu), kisha msikilize tena baada ya wiki kadhaa akiwa amelala chali, halafu akiwa amesimama. Sauti isiyo na madhara, ambayo watoto wengi wazima wa umri huo huwa nayo, ni fupi na laini, husikika vizuri akilala na hufifia akisimama. Ikiongezeka anaposimama, shuku unene wa msuli wa moyo, umpeleke hata kama anacheza mpira. Wasiosubiri ni wenye sauti inayokuja baada ya pigo la pili, wenye mtetemo unaousikia chini ya kiganja, wenye midomo ya bluu, wasioongezeka uzito na wanaozimia wakikimbia. Gusa pia kinena: mapigo dhaifu hapo, ilhali ya mkononi yana nguvu, huashiria kubanwa kwa mshipa mkuu wa damu. Mimi niliwahi kusikiliza kifua cha binti mmoja kwa muda mrefu nikasahau kinena, na mwenzangu ndiye aliyeligundua tatizo.

Muuguzi, Magu
Kwa wenye miaka 5 na kuendelea, tafadhali uliza habari za koo. Koo lililouma bila kutibiwa, kisha wiki 2 au 3 baadaye magoti na vifundo vikavimba kwa kuhamahama, ni dalili ya homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu vali, yaani milango ya moyo. Vali ya mitrali, iliyo upande wa kushoto wa moyo, ikivuja, sauti yake huelekea kwapani kushoto. Huyo apate kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) mapema, kwa kuwa akithibitishwa atahitaji sindano ya benzathini penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi. Kazi ngumu ni kumfanya kijana anayejiona mzima aendelee kuja.

Tabibu wa kisiwani
Nashukuru sana. Nimemwona tena leo, baada ya wiki 4: hemoglobini imetoka 7.8 hadi 10.4, mapigo ya kinena ni mazuri, sauti ni hafifu akilala na akisimama siisikii. Mama bado hana amani, nami simlaumu. Nimemwandikia barua isiyo ya dharura, ampeleke siku baba atakapovuka kununua nyavu.