Mrejesho: Hofu yangu ya kurithi kisukari

Ndugu zangu, miezi minne iliyopita niliwauliza iwapo mtu ambaye mama yake mzazi na mjomba wake wana kisukari cha aina ya pili hana budi kukipata naye.

Nilipima sukari ya damu asubuhi nikiwa sijala tangu usiku, na kipimo kikasoma 6.3 (milimoli kwa lita). Daktari alinifafanulia kwamba kisukari huhesabiwa kuanzia 7.0, tena baada ya kipimo kurudiwa, hivyo mimi nipo katika hatua inayokitangulia. Alisema kinachorithiwa si ugonjwa wenyewe bali wepesi wa kuupata, unaotokana na vinasaba vingi ambavyo kila kimoja huchangia kidogo. Pamoja na hivyo, familia hurithishana mapishi na mazoea, na hapo nikakumbuka chai ya nyumbani kwetu, vijiko vitatu vya sukari kwa kila kikombe. Alinitajia utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, ambamo watu wa hali kama yangu waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58.

Nimeshuka kutoka kilo 88 hadi 84. Aliyenishauri ninywe maji ya bamia badala ya kupima, namshukuru kwa nia njema, ila sikumfuata.

Mdogo wangu wa kike, aliyewahi kupata kisukari cha ujauzito, amekubali kupima Jumamosi.